Chuo Kikuu cha Kuazima: Hoja ya Azimio la Musoma

Vyuo vikuu vingi vya Afrika Mashariki na vya nchi za Kiarabu vilianza kwa mfano wa kuazima. Wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Marekani walifungua chuo Beirut mwaka 1866, kingine kikaanzishwa Cairo mwaka 1919, na New York University ikafungua kampasi Abu Dhabi mwaka 2010. Tanganyika iliazima kwa Waingereza. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wachache mno, na shahada zake zilikuwa za Chuo Kikuu cha London. Kuazima kwenyewe si aibu, maana elimu haijawahi kuwa mali ya taifa moja. Swali gumu ni jingine: mfano ukishaazimwa, nani ana haki ya kuubadilisha, na mhitimu wake anawajibika kwa nani?

Mfano wa Marekani una sura mbili. Ya kwanza ni elimu ya fani nyingi, ambayo humtaka mwanafunzi apite kwenye falsafa, fasihi, historia na sayansi kabla ya kuchagua fani yake; hiyo ndiyo iliyopelekwa Beirut na Cairo. Ya pili ilizaliwa na Sheria ya Morrill ya 1862, iliyoyapa majimbo ardhi ya serikali kuu yaiuze na kwa fedha hizo yaanzishe vyuo vya kilimo na ufundi kwa watoto wa wakulima na mafundi. Sura hii nayo ilifika Uarabuni: Texas A&M, chuo cha ukoo huo, kilifungua tawi la uhandisi Qatar mwaka 2003.

Historia ya vyuo hivyo inaonyesha udhaifu wao ulipo. Mwaka 1882 Profesa Edwin Lewis alimtaja Charles Darwin kwa heshima katika hotuba ya mahafali pale Beirut. Wadhamini waliokuwa Marekani hawakuridhika, Lewis akalazimika kuondoka, wanafunzi wakagoma, na wenzake kadhaa wa kitivo cha tiba wakajiuzulu. Februari 2024 bodi ya Texas A&M ilipiga kura kufunga tawi la Qatar ifikapo 2028. Kura hiyo ilipigwa Texas. Kosa la mambo haya mawili halikuwa mtaala wa Kimarekani. Waliosoma na waliofundisha hawakuwa na kauli ya mwisho juu ya chuo chao, na mahali kauli hiyo inapokosekana mustakabali wa chuo hauwezi kutabiriwa kwa ubora wa masomo peke yake.

Mkoa wa Mara, Tanzania, ulitoa jibu la upande wa pili wa swali, yaani mhitimu anawajibika kwa nani, kwa maneno na kwa vitendo. Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama na mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, alianza shule Mwisenge, Musoma, akaenda Tabora, Makerere na hatimaye Edinburgh, alikopata shahada ya M.A. mwaka 1952. Aliyeitetea kwa nguvu elimu inayowatumikia wakulima alikuwa mtu aliyelelewa na elimu ya fani nyingi, na baadaye akamtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili. Kwa hiyo hoja yake haikutokana na kuichukia elimu ya vitabu. Ilitokana na hesabu ya haki. Mwaka 1964 aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Asiporudi, amewasaliti waliobaki.

Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na karibu 400 kati yao wakarudishwa makwao. Machi 1967 ikatoka Elimu ya Kujitegemea. Kisha, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya chama tawala, TANU, ilikutana Musoma na kupitisha Azimio la Musoma. Sehemu yake inayokumbukwa zaidi ni ile ya kuharakisha elimu ya msingi kwa wote, UPE, ifikapo 1977. Sehemu nyingine iligusa mlango wa chuo kikuu: mhitimu wa kidato cha sita hangekwenda chuoni moja kwa moja. Angepitia JKT, afanye kazi kwa miaka kama miwili, kisha aombe nafasi akiwa na barua ya mwajiri na pendekezo la tawi la chama kuhusu tabia na bidii yake.

Barua hizo zinastahili kutazamwa kwa karibu. Ya mwajiri ilikuwa na mantiki yake: mtu aliyeendesha duka la ushirika au kufundisha shule ya kijijini hufika darasani na maswali ambayo kijana wa bweni hana. Ya chama ilikuwa na hatari, kwa sababu ilimpa katibu wa tawi uwezo wa kuamua nani afundishwe kufikiri, na swali kali ni jambo ambalo kiongozi wa tawi hupenda kulipima kama utovu wa nidhamu. Hapo hoja ya haki iligongana na hoja ya ukweli. Jamii ina haki ya kudai huduma kutoka kwa msomi iliyemlipia, lakini haina haki ya kumwagiza atakachogundua. Nyerere alilijua tatizo hilo. Katika hotuba yake ya 1970, Dar es Salaam ilipokuwa chuo kikuu kamili, alionya juu ya kuabudu viwango vya kimataifa kwa upofu, na juu ya chuo kujifungia ndani na kuukimbia ulimwengu.

Azimio lilikuwa pia na dosari ambayo halikuikusudia. Miaka ya kusubiri iliwaangukia wasichana vibaya: wengi waliolewa au wakapata watoto kabla ya zamu yao kufika, na idadi yao chuoni ikashuka. Mwaka 1976 waliondolewa sharti la kufanya kazi kwanza. Marekebisho haya ni ushahidi mzito kuliko hotuba. Waliotunga kanuni waliishi na waathirika wake, katika nchi moja, na waliweza kuirekebisha bila kuomba ruhusa ng'ambo.

Kwamba mfano wa kigeni unaweza kuwa wa wenyeji kunaonekana Bunda, mkoani Mara, katika Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Kisangwa. Vyuo vya aina hiyo vilianza nchini mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden na kwa mfano wa shule za watu wazima za Skandinavia. Leo humo hufundishwa ushonaji, uashi, useremala na kilimo, kwa Kiswahili, na hakuna anayeuona mtaala huo kuwa wa Kiswidi.

Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, chenye makao yake Butiama, kimo katika mtihani huo huo wa kuufanya mfano wa kuazima uwe wa wenyeji. Jina lake linafanana na vyuo vya Sheria ya Morrill, na ni miongoni mwa vyuo vya umma vilivyo katika mradi wa elimu ya juu wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa 2021. Deni ni la nchi, hivyo dai la mkulima kwa chuo ni halali. Mkulima wa muhogo mwenye shamba lililoingiwa na ugonjwa wa batobato au wa michirizi ya kahawia anahitaji mtafiti atakayemweleza kwa Kiswahili mbegu ipi inastahimili, na atakayesema wazi pia pale ushauri wa serikali au wa mfadhili unapokuwa na makosa. Lugha nayo huamua mengi: chuo cha Beirut kilifundisha kwa Kiarabu miaka yake ya mwanzo, kisha kikahamia Kiingereza, na uamuzi huo ulibadilisha nani angeweza kuingia darasani. Butiama mhadhara ni wa Kiingereza na shamba ni la Kiswahili na Kizanaki. Sheria ya nchi inaruhusu chuo kuamua mengi kuhusu mtaala wake, lakini lugha ya kufundishia ni suala la sera ya taifa, na ndilo eneo ambalo mamlaka ya kurekebisha, iliyopatikana kwa gharama kubwa tangu 1961, bado haijatumika kikamilifu.