Neema na Habari ya Neema

Katika mwaka 1893, Paul Lindner, bingwa wa hamira wa Kijerumani, alitenga kutoka katika pombe ya nafaka ya Afrika ya Mashariki kiumbe kidogo mno ambacho, kinyume cha hamira ya mikate ichipuzayo mtoto ubavuni, hurefuka kama kijiti kisha hujikata kati kwa kati kuwa viwili. Na alipotaka kukipa jina alilitwaa neno letu wenyewe, akakiita Schizosaccharomyces pombe. Basi neno ambalo wazee wetu hulitamka kwa kukunja uso likaingia katika vitabu vya elimu ya viumbe, nasi tusiokinywa kilichomo mtungini hatukatazwi, nadhani, kumzingatia huyo akichachushaye.

Miongoni mwa jeni zake zinazokaribia 5,000 imo moja iitwayo cyr1, ambayo kwayo hutengenezwa kimeng'enya kiitwacho adenileti saiklezi. Sukari ya glukosi inapofika nje ya seli, bawabu aliyesimama katika utando, Git3, huipokea habari yake na kumpasha mwenziwe Gpa2, naye humwamsha adenileti saiklezi, ambaye huitwaa ATP na kuifinyanga iwe AMP ya mviringo. Na hiyo AMP, kama barua yenye muhuri, humwendea mlinzi Cgs1 aliyemshika Pka1, ikamfanya amwachilie. Pka1 akiisha kuwa huru huzinyamazisha jeni za siku za dhiki. Seli, basi, huila sukari kwa njia moja na huijua kwa njia nyingine, na mimi nakiri kwamba tangu nilipolifahamu jambo hili nimeshindwa kuliacha.

Kwa maana wataalamu walipoiondoa cyr1, seli haikufa. Iliendelea kuila glukosi, ingawa ilikua polepole; lakini ilhali imezungukwa na chakula ilitenda matendo yote ya mwenye njaa. Jeni ya fbp1, ambayo kazi yake ni kusaidia kuunda sukari kutokana na vitu duni kama gliseroli pale glukosi inapokosekana, ilifanya kazi mchana kutwa, mithili ya mtu achimbaye kisima naye ameketi ukingoni mwa mto. Kadhalika, seli za jinsi mbili, ambazo aghalabu hazioani ila chakula kinapopunguka, na hasa naitrojeni, zilioana katikati ya wingi na kuzaa spora, zile mbegu ngumu nne nne zilizoumbwa kuvuka ukame, na ukame wenyewe haupo.

Je, tuiite seli hii yenye kukufuru neema? Ulimi hukimbilia huko, kwani sote tumemjua mtu ambaye ghala yake imejaa na moyo wake haujashiba, na mawaidha mengi yamesimamishwa juu ya mgongo wake. Lakini mafakihi walikwisha kutufunza kwamba taklifu hufuata uwezo, na kwamba mtoto, aliyelala na mwenye wazimu hawaandikiwi dhambi. Sasa yule aliyenyimwa kiungo chenyewe cha kuitambua neema tumweke safu gani? Wataalamu walipoitia AMP ya mviringo katika maji zilimoishi seli zilizopungukiwa hivyo, fbp1 ilinyamaza, na sukari haikuongezwa hata chembe moja. Kilichokuwa kimekosekana hakikuwa riziki, wala shukrani, bali mjumbe. Na mimi naona ni dhuluma kumhimiza kushukuru mtu ambaye barua haijamfika, ilhali sisi tulio jirani tungeweza kuibeba.

Hata hivyo nisije nikadhaniwa kuwa naisifu kinaa bila mipaka, maana hamira hii haimwachi msemaji akapumzika. Zipo seli ambazo zimempoteza yule mlinzi Cgs1, hivyo Pka1 wao hafungwi kamwe, na kila siku kwao ni siku ya shibe. Chakula kinapokwisha hazioani, hazifanyi spora, hazijui kutulia; huendelea na shughuli kama waliokaa karamuni baada ya sahani kuondolewa, na njaa ikizidi hufa upesi kuliko wenzao. Ridhaa yao haina kasoro yoyote isipokuwa kwamba si ya kweli. Aliyeridhika hivyo na aliyehangaika bure ni ndugu, wala sioni kwa nini mimbari zetu zimkemee mmoja na kumpamba mwingine, ilhali wote wawili wametengwa na hali ilivyo.

Wengine watasema kwamba nazungumza juu ya kemia, na kwamba nafsi ni jambo jingine. Sibishani nao, mimi mwenyewe siamini kuwa roho ya mwanadamu ni AMP ya mviringo. Walakini ninapozifikiria zile spora za seli zisizo na cyr1, hunijia huzuni nisiyoweza kuitetea kwa hoja. Spora nyingine, glukosi ikizigusa, huvimba na kuchipua, kwa kuwa ni mjumbe yuleyule anayeziamsha. Hizi, hata ukizitia katika sukari tele, huchelewa kuamka, zimejifunga katika magamba yao magumu, zikingoja mwisho wa njaa ambayo haikuwahi kuanza.