Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 14: Mtoto Mashoto



Leo naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka ya nyuma nilikuwa nasomesha watoto hapa Sumbawanga. Mmoja wao alikuwa mashoto. Akishika kalamu, kushoto. Akishika ufagio, kushoto. Kila akiandika alifu kwa mkono ule nilimgonga vidole kwa fimbo, namwambia hiyo ni tabia ya shetani. Siku moja tukasoma Surat al-Haaqqa, pale anapotajwa mtu atakayepewa kitabu chake kwa mkono wa kushoto. Wenzake walitoka, yeye akabaki. Akaniuliza: "Ustadhi, kwa hiyo mimi nishaandikiwa moto?"

Alikuwa na miaka 8. Sikuwa na jibu.

Basi tuulizane, yule mtoto alikosa nini?

Hadithi zipo, tena sahihi, hatuzifichi: Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kula na kunywa kwa kulia. Lakini tazama alivyofundisha. Umar bin Abi Salama alikuwa mtoto, mkono wake unazunguka zunguka kwenye sahani. Mtume akamwelekeza ataje jina la Allah, ale kwa kulia, ale kilicho karibu yake. Basi. Hakumpiga wala hakumwaibisha. Na yule mtu mzima aliyeambiwa ale kwa kulia akadai hawezi, Sahihi Muslim inaeleza kilichomzuia: kibri. Lawama ilikwenda kwenye moyo, haikwenda kwenye maumbile.

Kalamu, jembe na panga havimo katika katazo hilo. Wazee wa Ufipa waliolima matuta ya intumba wanajua, jembe haliulizi mkono. Na Sayyidna Umar bin al-Khattab amesimuliwa kuwa alifanya kazi kwa mikono yote miwili sawasawa.

Na kile kitabu? Endelea na sura hiyohiyo, utaona aliyepewa kwa kushoto alifanya nini duniani: hakumwamini Allah, wala hakuhimiza maskini walishwe. Hapakutajwa alikuwa anaandika kwa mkono gani. Hili ndilo jibu nililopaswa kumpa yule mtoto.

Sisi wa kulia nasi tujiulize. Mkono unaomjazia mkulima lumbesa kwenye gunia lake la mahindi ni upi? Mkono wangu ulioshika ile fimbo ulikuwa wa kulia.

Kijana yule sasa ni fundi seremala, randa anaisukuma kwa kushoto. Mwezi wa Shaaban nilimfuata nikamwomba radhi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Nimekusamehe, ustadhi. Ila miaka mingi nilikuwa naogopa kusali."

Ndugu yangu, dada yangu, ukiwa na mtoto mashoto, jioni ya leo kwenye futari mwelekeze ashike kikombe cha uji kwa kulia. Akisahau, mkumbushe kwa upole, tena na tena. Akifungua daftari, mwache aandike. Adabu inafundishika bila kumfanya mtoto aogope alivyoumbwa na Mola wake.

Ewe Allah, tupe vitabu vyetu kwa kulia, na uwaponye nyoyo wale tuliowaumiza kwa jina la dini yako. Amin.

Tukutane kesho inshaAllah. Mfikishie na mwenzio.