Mficha Maradhi Ndani ya Ndoa

Wapendwa wanandoa, siku ya arusi mliahidiana uaminifu katika afya na katika ugonjwa. Wengi hudhani ahadi hiyo inamdai yule mzima peke yake: amwuguze mwenzake, asimwache. Je, mgonjwa naye hadaiwi kitu?

Tuchukue saratani ya kibofu cha mkojo. Huwapata zaidi wanaume wenye umri mkubwa. Sigara ni chanzo chake kikubwa, na kichocho cha muda mrefu, kinachojulikana sana huko Pwani, huweza kuileta pia. Mara nyingi dalili ya kwanza ni damu katika mkojo, tena bila maumivu. Kwa kuwa haiumi, bwana hunyamaza. Kwa kuwa ni mambo ya sehemu za siri, huona haya kumwambia hata mkewe.

Saratani ikipenya msuli wa kibofu, huenda daktari akakiondoa kibofu chote. Mara nyingi mkojo hupitishiwa kipande cha utumbo hadi kwenye tundu tumboni, ukaingia katika mfuko uliobandikwa ngozini. Hapo baadhi ya wagonjwa huhama kitanda. Huogopa harufu na kuvuja, na wanaume wengi hupungukiwa nguvu za kiume. Mtu husema, "Namhurumia mke wangu, sitaki aone."

Hebu tuipime huruma hiyo. Mke aliyefungiwa mlango hajui amekosa nini. Huenda akadhani hapendwi tena. Naye anayejificha amekwisha kukata shauri kwamba upendo wa mwenzake ni dhaifu, kabla haujajaribiwa. Hiyo ni hukumu iliyovaa nguo za huruma. Basi mgonjwa naye anadaiwa: anadaiwa kukubali kutunzwa.

Mzima naye asimgeuze mgonjwa kuwa mtoto. Anachoweza kujifanyia, aachiwe.

Mwombeni muuguzi awafundishe nyote wawili kabla ya kutoka hospitalini: kuumwaga mfuko kabla haujajaa, kuosha ngozi kwa maji, kuikausha, kubandika mwingine. Mtaona kwamba tundu ni jekundu na lenye unyevu, kama ndani ya shavu, wala haliumi likiguswa. Mfuko uliokaa vizuri haunuki. Ugonjwa wenyewe hauambukizi. Mwulizeni pia kuhusu tendo la ndoa; hamtakuwa wa kwanza kumwuliza. Na mgonjwa akikosa usingizi, akikataa chakula, asiwe na hamu ya lolote kwa majuma mawili, mwelezeni. Huzuni hiyo hutibiwa, wala si upungufu wa imani.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Bwana, leo jioni mwite mama watoto akushikie kioo unapobadilisha mfuko. Nawe mama, usigeuze uso.