Bunduki mbili za mwindaji na deni la mnyama aliyejeruhiwa

Katika vitabu vya wawindaji Wazungu wa zamani kuna swali moja linalorudi kila mara: mtu anayeingia porini kutafuta wanyama wakubwa, yaani tembo, mbogo ao kifaru, achukue bunduki gani mbili? Huwa ni mbili, si moja. Ya kwanza ni nyepesi, ya risasi nyembamba, ya kupiga kwa mbali na kuwapatia wapagazi chakula. Ya pili ni nzito, mara nyingi ya mitutu miwili, ya kumsimamisha mnyama anayekuja mbio. Wengi watasema hayo ni mambo ya matajiri, sisi watu wa Ituri yanatuhusu nini? Tunaona yanatuhusu sana, juu ile bunduki ya pili iliwekwa kwa sababu moja tu: mwindaji alijua mbele ya kutoka nyumbani kwamba anaweza kukosea. Sasa kosa lake litalipwa na nani? Hapo ndipo tunataka kufika.

Kwanza tuelewane juu ya neno kalibri. Ni upana wa mtutu, na kwa hiyo unene wa risasi. Waingereza wanaupima kwa inchi, wengine kwa milimita, ile wanayoandika.375 ni kama milimita 9,5. Bunduki ya 9,3 x 62, iliyobuniwa na fundi Otto Bock huko Berlin mwaka 1905, inarusha risasi ya gramu 18 na nusu hivi. Ile nzito ya Waingereza, .470, inarusha gramu 32, na .577 karibu gramu 49. Mutu asiyezoea akipiga hiyo ya mwisho, bega lake litaikumbuka siku nyingi.

Basi wakati ule wenye kupenda risasi kubwa walikuwa wengi, na hoja yao haikuwa mbaya: ukikosa ubongo kidogo, uzito wa risasi utamtikisa tembo, utapata nafasi ya kupiga tena. Mskoti mmoja, W.D.M. Bell, akakataa. Alichagua bunduki ya milimita 7 tu, yenye risasi ya gramu 11 hivi. Aliwinda Karamoja, kisha akaja jirani yetu kabisa, katika nchi ya Lado, ukingo wa magharibi wa Nile, ng'ambo ya Aru na Mahagi. Nchi hiyo Mfalme Leopold II aliipata kwa mkataba wa 1894. Alipokufa Desemba 1909, ikarudishwa kwa Sudani ya Waingereza mwaka 1910. Leo sehemu yake iko Uganda, sehemu iko Sudani Kusini. Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili aone kwa macho yake ubongo umelala wapi, kisha akajifunza kuufikia kutoka mbele, ubavuni, hata kutoka nyuma. Aliona kwamba risasi ndogo mahali panapofaa ni bora kuliko risasi kubwa mahali pabaya.

Tukiishia hapo tutasema Bell ndiye mwenye haki: alisoma, hakutesa, mnyama alianguka bila kujua. Lakini yeye mwenyewe alihesabu tembo zaidi ya 1.000 aliowaua maishani mwake, wengi wao kwa ile bunduki ndogo. Kuua kwa usafi kulimrahisishia kuua. Na katika nchi hiyohiyo ya Lado, Januari 1910, alifika Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani hadi mwaka uliotangulia. Alikuwa amejipanga sawasawa: bunduki nzito ya mitutu miwili ya Holland & Holland, Winchester ya .405, na Springfield nyepesi. Yeye na kijana wake Kermit waliua vifaru weupe 9. Kuhusu kalibri hakuna wa kuwalaumu. Hata hivyo, kifaru mweupe wa kaskazini, aliyeishi pia Garamba kwetu hadi miaka ya 2000, dume wake wa mwisho alikufa Kenya tarehe 19 Machi 2018, wakabaki majike wawili. Hatusemi ni Roosevelt aliyewamaliza. Walimalizwa zaidi na majangili na vita vya miaka ya nyuma. Tunasema tu kwamba bunduki nzuri inajibu swali la jinsi ya kuua. Swali la kama ni lazima kuua, haina jibu lake.

Sasa turudi msituni kwetu. Darasani tukigusa habari hizi, vijana wanasimama upande wa mkuki: "Mwalimu, mukuki njo ya kiume, juu mutu anafika karibu." Ni kweli anafika karibu. Mwindaji wa tembo kwa Wambuti, yule wanayemwita tuma, hujipaka mavi ya tembo kusudi harufu yake ifichwe, anatambaa hadi chini ya mnyama, anamchoma tumboni, kisha anakimbia. Ushujaa upo, hakuna wa kuubisha. Lakini tusidanganyane katika kitabu hiki cha mila: tembo aliyechomwa tumboni hafi hapohapo. Anatembea na jeraha, pengine siku nzima, pengine zaidi. Kwa upande wa maumivu ya mnyama, risasi ya Bell ilikuwa na huruma kuliko mkuki wa wazee wetu. Kusifu mila si lazima tufunge macho.

Utasema, basi mila ilikuwa na nini? Ilikuwa na deni. Aliyechoma alipaswa kufuata. Tembo akiingia mabondeni, naye anaingia mabondeni. Akilala, watu wanalala njiani wakisoma damu na majani yaliyovunjika. Tembo akianguka, kambi yote inahama na kwenda kujenga pembeni yake, watu wanakula hadi nyama iishe. Na kulikuwa na sheria ya kugawana ambayo watu wengi wa mjini hawaijui. Kwa Waefe wenye mishale, anayempiga mnyama wa kwanza ndiye anayepata fungu kubwa, hata kama mwingine ndiye aliyemmalizia. Na huyo wa pili anapata lake, na mwenye mbwa pia. Kwa Wambuti, tena, mnyama ni wa mwenye kifaa: ukienda na mkuki ao wavu wa mwenzako, mwenye kifaa ndiye mwenye nyama, wewe uliyetoka jasho unapewa sehemu yako. Sheria hiyo ya mwisho tunaomba msomaji aishike vizuri.

Kwa sababu bunduki ilipofika, haikuondoa sheria hiyo, iliigeuza. Mwindaji wa msituni hana pesa ya kununua bunduki. Anayo mfanyabiashara, ao mkubwa fulani wa mjini, ao mwenye mavazi ya jeshi. Anamkopesha yule mwindaji kalibri 12 pamoja na kartushi za kuhesabu: mbili, tatu. "Kila kartushi iniletee nyama." Baada ya vita vya 1999 hadi 2003, mara nyingi si kalibri 12 tena, ni Kalashnikov. Kwa hiyo ile jozi ambayo Wazungu walibishana juu yake, kwetu si bunduki mbili. Ni bunduki moja ya mwingine na kartushi mbili zilizohesabiwa.

Ona tofauti, ndugu. Roosevelt alichagua. Bell alichagua baada ya kupasua fuvu. Mwindaji wetu hakuchagua kitu. Risasi ya Kalashnikov ina gramu 8 tu, na ilitengenezwa kwa ajili ya mwili wa mwanadamu. Kwa mbogo ao tembo, mtu anamwaga risasi nyingi na kungoja. Na kama kartushi zimeisha na mnyama amekwenda na jeraha? Mwindaji hana cha kumfuatilia, hana bunduki ya pili, na anaogopa kurudi mikono mitupu. Anarudi. Mbogo anabaki. Kesho yake mama anakwenda shamba na kikapu chake, ni yeye anayekutana naye njiani.

Wengine wanatujibu: hayo yote ni marufuku, mwisho wa maneno. Ni kweli. Tembo na okapi wanalindwa kabisa, sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 inaomba kibali, na sheria ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi imeongeza uzito. Hifadhi ya Okapi iliundwa 1992, hapo teritwari ya Mambasa na jirani. Lakini Juni 2012, Epulu ilipovamiwa na kundi la Morgan, watu 6 waliuawa na okapi 14 wakauawa pamoja nao, na sheria ilikuwepo. Walinzi wanakufa kwa risasi zilezile ambazo hakuna anayesema ni za nani. Tunaheshimu sheria ya Serikali, lakini yenyewe inamkamata zaidi yule aliyekutwa na damu mikononi. Mwenye bunduki amekaa mjini, anakula mapaja na kuuza pembe.

Mila yetu, kwa jambo hili, ina macho makali zaidi. Kama mnyama ni wa mwenye kifaa, basi jeraha pia ni lake. Hawezi kudai nyama iliyoanguka na kukana mbogo aliyekimbia. Mwindaji maskini yuko na fungu lake la lawama, hatumwachilii, lakini fungu kubwa linafuata fungu kubwa la nyama. Tumeona barza nyingi ambapo mtu ameumizwa na mnyama mwenye jeraha, na wazee wanauliza: nani alipiga? Kijana anasimamishwa katikati, anatozwa mbuzi asiokuwa nao. Tungependa kwenye barza ijayo waulize kwanza kartushi zilikuwa za nani, na huyo naye atumiwe mtu kumwita, hata kama nyumba yake iko Bunia na ina geti.