Kumhesabu Mkosaji si Kumzika Hai

Ndugu Waislamu,

Mwaka wa 9 wa Hijra, Mtume (S.A.W.) alipokwenda Tabuk, Kaab bin Malik na wenzake wawili walibaki Madina pasi na udhuru. Aliporejea akamuuliza, naye Kaab hakuzua uwongo. Watu wakaamrishwa wasiseme nao. Hata Abu Qatada, binamu yake, hakumrudishia salamu. Zilipotimia siku 50 ikateremka toba yao, na Talha bin Ubaydullah akamwendea Kaab mbio msikitini, akampa mkono.

Zingatieni basi. Kosa la hadharani lilihesabiwa hadharani. Lakini waliulizwa kwanza, na mlango wa kurejea haukufungwa. Leo tuhuma huenezwa kwa simu asubuhi, na kabla ya adhuhuri mtu amekwisha hukumiwa, yeye na watoto wake. Akitubu, hapana ampaye mkono.

Wala mtu asijifiche nyuma ya sitara. Aibu iliyo baina ya mja na Mola wake husitiriwa. Ama aliyekula mali ya wakfu, na aulizwe mbele ya wenyewe, airudishe. Akisha kuirudisha, tumwitikie salamu yake.

Wabillahi taufiq.