Visahani vya Moto Juu ya Katanga: Tusadiki Nini?

Je, yatupasa kusadiki habari kwa sababu imeandikwa, au kwa sababu imepimwa? Swali hili si la wenye elimu kubwa peke yao. Latuhusu sisi wa Kasungami pia, maana mtaani habari hukimbia kuliko baiskeli.

Tutwae mfano wa nchi yetu. Tarehe 29 Machi 1952 gazeti Die Presse la Vienna lilisimulia kwamba visahani viwili vya moto vilionekana juu ya machimbo ya urani, upande wa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Kamanda Pierre wa uwanja wa ndege, lasema gazeti, alivifuata kwa ndege ya vita, akakikaribia kimoja hata mita 120 hivi. Upana wake ulikuwa mita 12 mpaka 15. Katikati kimetulia, ukingoni kimefunikwa na moto. Baada ya robo saa vikatoweka kuelekea Ziwa Tanganyika, kwa mwendo aliokadiria kuwa kilomita 1,500 kwa saa. Kisha akawapa wakubwa wake taarifa.

Mwezi wa Agosti mwaka uleule, shirika la upelelezi la Marekani, CIA, liliitia habari hiyo katika karatasi zake. Basi wengine husema: "Serikali kubwa imeandika, kwa hiyo ni kweli." Lakini karatasi yenyewe yasema wazi kwamba habari hizo hazikupimwa, na chanzo chake ni gazeti lilelile. Jirani akirudiwa maneno yake na watu kumi, shahidi angali mmoja.

Tupime sisi. Gazeti layaweka machimbo mashariki ya mto Luapula. Wenyeji twajua kwamba ng'ambo ile ni Zambia, zamani Rodezia ya Kaskazini. Na Shinkolobwe, machimbo ya urani yenye sifa duniani, yako karibu na Likasi, mbali upande wa magharibi. Tena siku ya tukio haikutajwa.

Je, tumwite Kamanda mwongo? Hasha! Huenda mwandishi ndiye aliyechanganya mahali. Amri ya nane yatukataza kushuhudia uongo, nayo yatukataza vilevile kumhukumu mtu pasipo sababu ya kutosha. Kati ya kusadiki na kukana iko njia ya tatu, yaani kungoja. Jeshi la anga la Marekani, katika kazi iliyoitwa Blue Book, lilikusanya taarifa 12,618 za namna hii tangu 1947 hata 1969. Zile 701 ziliandikwa kuwa hazikutambulikana. Neno hilo halisemi kwamba vitu vilitoka nyota nyingine. Lasema tu kwamba wachunguzi hawakujua, wala hawakuona haya kuliandika.

Tukikosea juu ya kisahani cha angani, pengine hakuna atakayeumia. Lakini mazoea yaleyale hushuka mitaani: mtu asemwa mwizi au mchawi, na kabla ya jua kuchwa mawe yako mikononi. Basi, wasomaji wapendwa, kabla ya kuinua ulimi au mkono tuulize: Nani aliona kwa macho yake? Wapi, na lini? Shahidi wa pili ni nani? Pasipo majibu, tuseme "hatujui bado", tukamwache jirani alale salama nyumbani mwake.