Bach na Kaye ya Mtoto

Mtoto mmoja wa korali yetu hapa Mangobo, Kisangani, aliniuliza: «Mama, kama Mungu ndiye aliyempa Bach nyimbo, mbona alitaabika hivyo?» Swali hilo ni zito kuliko mahubiri mengi niliyosikia.

Tulikuwa tukijifunza maisha ya Johann Sebastian Bach, aliyezaliwa Eisenach, Ujerumani, mwaka 1685. Kabla hajatimiza miaka kumi alishafiwa na mama na baba. Kaka yake mkubwa akamlea, ila kitabu chake cha noti alikifungia kabatini. Masimulizi yaliyochapishwa mwaka 1754, baada ya kifo cha Bach, yanasema mtoto alikuwa akikichomoa usiku na kukinakili kwa mbalamwezi, miezi sita. Kaka alipogundua, akamnyang'anya nakala. Watoto wangu, wanaonakili solfa kwenye kaye kwa kuwa kitabu ni kimoja, walinyamaza kabisa hapo. Mwaka 1705 Bach akatoka Arnstadt kwa miguu hadi Lübeck, zaidi ya kilometa 400, kumsikiliza Buxtehude akipiga kinanda. Reli yetu ya kutoka Kisangani kwenda Ubundu ni kilometa 125 tu.

Ndugu zetu Wakimbangu huamini kwamba nyimbo zao hupokewa kutoka mbinguni, nami siwapingi. Lakini Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu mwanzilishi wa kanisa lao, alipoanzisha okestra Kinshasa mwaka 1994, wanamuziki wake walipokezana violini chache zilizokuwapo. Hata wenye imani hiyo walingoja zamu ya kujifunza.

Mwanzoni mwa kazi zake nyingi za kanisani Bach aliandika J.J., yaani Yesu, nisaidie, mwishoni S.D.G., utukufu kwa Mungu peke yake. Katikati kuna wino uliofutwa, noti zilizokatwa na kuandikwa upya. Mimi naamini msaada alioomba ulimfikia hapo hapo, katika kukata na kuandika upya. Tukimwambia mtoto kwamba Bach alizaliwa tu akiwa bingwa wa muziki, tunamficha Mungu aliyekaa naye mezani, na mtoto aliyekosea noti anajiona hakuitwa. Inaniuma sana kusikia mtoto wa miaka saba akiambiwa hana sauti. Nani alimpa mtu mzima mamlaka hayo?

Wazazi wa Mangobo, wa Tshopo, wa Lubunga: mtoto akirudi nyumbani na kaye iliyojaa mikato, msimchape, wala msiitupe. Mleteni kwenye korali yetu Jumamosi saa tisa mchana. Nafasi ipo, hata kwa aliyekwisha kukataliwa kwingine.